Kabla ya Monaco, Nonda alipita Jangwani

Muulize kijana yeyote wa mjini akutajie wageni waliowahi kutesa katika ligi kuu ya Ufaransa. Bila kukuna kichwa atakwambia Neymar, Messi, Ibrahimovic. Mwingine atachomekea Mbappé, na hapo itabidi umkumbushe taratibu kuwa Mbappé ni Mfaransa wa kuzaliwa, yule hayumo kwenye hesabu ya wageni.

Sawa, hao ni moto wa kuotea mbali, sibishi. Lakini leo mimi nina jina langu jingine, na nataka ulisome mara mbili: Shabani Nonda.

Msimu wa 2002/2003 jamaa huyu alizifumania nyavu mara 26 akiwa na Monaco na kuibuka mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa. Nyuma yake alimwacha Mreno Pauleta, aliyekuwa akikipiga Bordeaux. Nyuma zaidi, akiwa na mabao 17, alikuwapo kijana mmoja wa Guingamp ambaye ndiyo kwanza watu walikuwa wanaanza kuuliza jina lake. Aliitwa Didier Drogba.

Sasa kaa vizuri, msomaji wangu. Huyo Nonda katikati ya miaka ya 1990 alikuwa akivaa jezi za kijani na njano za Yanga, hapa hapa Dar es Salaam. Wana Jangwani walimshangilia na wana Msimbazi walimzomea, kama ilivyo kawaida ya mji huu. Hakuna aliyepiga ramli akasema huyu bwana mdogo siku moja atawakimbiza mabeki wa Paris na Marseille.

Kila nikipita vijiweni nawasikia washkaji wakisema Ufaransa ni ya watu wa Afrika Magharibi, sisi wa huku hatuna chetu. Maneno hayo yananikera, kwa sababu ushahidi tunao na ulipita mbele ya macho yetu. Kilichotushinda ni kusoma njia aliyopita. Twende basi tukaisome, lakini kwanza tuifahamu ligi yenyewe.

LIGI YA MIGUU YA WAGENI

Wafaransa walianzisha ligi yao ya kulipwa mwaka 1932. Msimu ule wa kwanza wafungaji bora walikuwa wawili waliofungana kwa mabao 15, na mmoja wao alikuwa Mjerumani, Walter Kaiser wa Rennes. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mgeni alikuwa ameshakaa kiti cha mbele.

Ukitaka kuamini zaidi, chukua msimu wa 1970/1971. Josip Skoblar wa Marseille, Myugoslavia, alifunga mabao 44. Hadi leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo ndani ya msimu mmoja pale Ufaransa. Na aliyemfuata alikuwa nani? Salif Keita wa Saint-Étienne, mtoto wa Bamako, Mali, aliyefunga 42. Yaani wageni wawili walifunga mabao 86, wenyeji wakabaki kuhesabu vidole.

Bado. Mpachika mabao wa nyakati zote wa ligi ile ni Delio Onnis, Mwargentina aliyezaliwa Italia. Alifunga mabao 299 akipitia Reims, Monaco, Tours na Toulon. Alistaafu mwaka 1986 na rekodi yake haijavunjwa. Halafu yupo Mwargentina mwenzake, Carlos Bianchi, ambaye aliwahi kuwa mfungaji bora mara tano, sawa na Onnis mwenyewe.

Wapo na wale waliokuja wakageuza timu nzima. Lyon ilitwaa ubingwa mara saba mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2008, na Mbrazili Juninho alikuwapo misimu yote hiyo. Mabao 44 aliyaifungia klabu hiyo kwa mipira ya adhabu peke yake. Makipa walikuwa wakimwona anauweka mpira chini wanaanza kutokwa jasho. Kule Marseille, Enzo Francescoli wa Uruguay alikaa msimu mmoja tu, 1989/1990, lakini kijana mmoja wa mji huo alimpenda hadi akaja kumpa mwanawe wa kwanza jina la Enzo. Kijana huyo ni Zinedine Zidane.

KEITA NA TAKSI YA MASAFA

Katika Waafrika, hadithi ya Salif Keita ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Mwaka 1967 aliteremka kwenye ndege mjini Paris, akaangaza macho huku na huku, mwenyeji hamna. Wewe ungefanya nini? Kijana, kama inavyosimuliwa siku zote, aliita taksi akamwambia dereva ampeleke Saint-Étienne. Ni kama kilomita 500! Piga picha kijana anakodi taksi Dar es Salaam hadi Iringa, mfukoni hana kitu, halafu nauli ikalipwe huko huko na klabu.

Klabu ililipa na haikujuta. Keita aliisaidia Saint-Étienne kuchukua ubingwa wa 1968, 1969 na 1970. Mwaka huo huo wa 1970 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika, iliyoanzishwa na gazeti la France Football.

Lakini msomaji, usidhani ni asali tupu. Alipohamia Marseille mwaka 1972 alikuta klabu imeshawajaza wageni wake, Skoblar na Mswidi Roger Magnusson, na sheria ya wakati ule haikuruhusu kuwapanga wageni wengi. Viongozi wakamwekea mezani karatasi: chukua uraia wa Ufaransa, mambo yaishe. Keita akakataa. Alisema yeye ni wa Mali, na mwaka 1973 akafungasha virago kwenda Valencia ya Hispania.

Hapo mimi humvulia kofia. Alikuwa katika klabu kubwa, mshahara upo, jina lipo, na bado akaona pasipoti yake haibadilishwi kama jezi. Baadaye alirudi nyumbani akafungua kituo cha kulea vipaji mjini Bamako, akaja kuwa rais wa chama cha soka cha Mali. Alifariki dunia mwaka 2023, na Bamako ilimlilia.

UFARANSA NI STENDI

Kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni kwamba kwa Mwafrika ligi ya Ufaransa imekuwa kama stendi ya mabasi. Watu wanashuka, wanapumua kidogo, wanapanda basi kubwa zaidi.

Mtazame George Weah. Mwaka 1988 Arsène Wenger, aliyekuwa kocha wa Monaco, alimchukua kutoka Tonnerre ya Yaoundé, Kamerun. Mliberia huyo alikaa Monaco hadi 1992, akaenda Paris Saint-Germain na kutwaa nayo ubingwa wa 1994. Msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa mabao 7. Mwaka 1995 akanunuliwa na Milan, na mwaka huo huo akabeba Ballon d'Or. Hakuna Mwafrika mwingine aliyewahi kuibeba. Baadaye, kama unavyojua, alikuwa rais wa Liberia kuanzia 2018 hadi 2024.

Mtazame Abedi Pele wa Ghana. Alipitia klabu ndogo ya Niort kabla ya kung'ara Marseille. Tarehe 26 Mei 1993 mjini Munich, yeye ndiye aliyepiga kona ambayo Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan, aliiunganisha kwa kichwa. Marseille 1, Milan 0. Likawa kombe la kwanza la mabingwa wa Ulaya kwenda Ufaransa.

Drogba naye Marseille ilimpata mwaka 2003, ikafaidi naye msimu mmoja tu. Chelsea wakatoa pauni milioni 24 mwaka 2004. Mwaka uliofuata Chelsea hao hao wakarudi Lyon kumchukua Michael Essien kwa pauni milioni 24.4. Essien alikuwa ametua Bastia mwaka 2000 akiwa bwana mdogo kutoka Accra ambaye hakuna aliyemjua.

Kwa nini wanauza namna hii? Jibu ni mshiko. Klabu za Ufaransa hazipati fedha za televisheni kama za Waingereza. Mkataba wao mnono na kampuni ya Mediapro, wa zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka, ulianza 2020 na kuvunjika kabla mwaka huo haujaisha. Juu ya hapo, kipo chombo kinachoitwa DNCG ambacho hukagua daftari za klabu kila mwaka. Ukikutwa una madeni yasiyoeleweka unashushwa daraja bila huruma. Bordeaux, bingwa mara sita, mwaka 2024 ilijikuta imeporomoka hadi daraja la nne kwa sababu ya ukata. Kwa hiyo klabu nyingi huishi kwa biashara moja: kununua kijana kwa bei chee, kumpika, kisha kumuuza kwa bei mbaya.

Paris Saint-Germain ndiyo pekee iliyojitoa kwenye foleni hiyo baada ya kununuliwa na Waqatar mwaka 2011. Wao wakawa wanunuzi. Mwaka 2017 walimwaga euro milioni 222 kumtoa Neymar Barcelona, bei ambayo ilivunja rekodi ya dunia. Mwaka 2021 wakamleta Lionel Messi, akakaa misimu miwili.

Sasa chukua hiyo biashara ya kununua chee na kuuza ghali, iweke kichwani. Maana yake ni kwamba Mfaransa hamtafuti nyota aliyekwisha iva. Anamtafuta mtu anayeendelea kuiva. Na hapo ndipo Nonda anapoingia.

NGAZI ALIZOPANDA NONDA

Nonda alizaliwa Bujumbura, Burundi, mwaka 1977. Alianza kujulikana akiwa na Vital'O ya mji huo. Kutoka hapo akaja Yanga. Kutoka Yanga akaenda Afrika Kusini, kwenye timu ya Vaal Professionals, ambayo nina hakika wengi wenu hamjawahi kuisikia. Mwaka 1996 akavuka kwenda Uswisi, FC Zürich, na msimu wa 1997/1998 akawa mfungaji bora wa ligi ya huko kwa mabao 24.

Ndipo Rennes ya Ufaransa ilipobisha hodi, mwaka 1998. Miaka miwili baadaye Monaco, waliokuwa wametoka kuchukua ubingwa, walimhitaji mtu wa kuziba pengo la David Trezeguet aliyekwenda Juventus. Wakamchukua Nonda.

Hesabu na mimi: Bujumbura, Dar es Salaam, Afrika Kusini, Zürich, Rennes, Monaco. Ngazi sita. Hakuna hata moja aliyoiruka. Kila alipofika alifunga mabao kwanza, halafu ndiyo akapanda. Na unaona zile ngazi za katikati? Hazina sifa. Hakuna kijana anayelala akiota kuchezea Vaal Professionals. Lakini kama Nonda angesema pale si hadhi yangu, Zürich wangemwona wapi?

Monaco nako kuna utamu wake, niwaambie kwa siri. Ule ni utawala wa mwana mfalme, una sheria zake. Mgeni asiye Mfaransa akiishi pale halipi kodi ya mapato. Mfaransa analipa, tangu mkataba wa mwaka 1963. Klabu nyingine za Ufaransa zimekuwa zikinuna miaka nenda rudi kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo mshahara wa mgeni wa Monaco unaingia mfukoni mzima mzima, haujamegwa.

Msimu ule wa mabao 26, chini ya kocha Didier Deschamps, Monaco ilimaliza ya pili, pointi moja tu nyuma ya Lyon. Pointi moja! Ikajifuta machozi kwa Kombe la Ligi, ikiinyuka Sochaux 4-1 kwenye fainali ya 2003.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mwanzoni mwa msimu uliofuata Nonda aliumia goti vibaya. Akakaa nje miezi na miezi, akiangalia wenzake wakipasua anga Ulaya. Nafasi yake ikachukuliwa na Fernando Morientes, aliyeazimwa kutoka Real Madrid. Yeye akawa hana la kufanya zaidi ya mazoezi ya kujenga mguu.

Nenda sasa hadi Aprili 2004, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Monaco na Chelsea. Ngoma ni 2-1, Monaco wako kumi uwanjani baada ya mwenzao kutolewa. Nonda, ambaye ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye goti, anaingizwa zikiwa zimebaki dakika chache. Dakika ya 83 anafunga. 3-1. Mtu aliyewahi kupigiwa makofi na mashabiki wa Jangwani anawaua Chelsea wa tajiri Abramovich!

Fainali dhidi ya Porto ya José Mourinho walipoteza 3-0, naye aliingia kipindi cha pili. Mwaka 2005 akaondoka kwenda Roma. Kama nilivyosema, stendi.

MLANGO ULIOFUNGULIWA KIMYA KIMYA

Tukiwa hapo hapo kwenye safari, kuna habari ya kisheria ambayo ingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila klabu ya Afrika Mashariki. Wala sijui kwa nini haizungumzwi.

Zamani kila klabu ya Ufaransa ilikuwa na kikomo cha wachezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Wakishatimia, hata ungekuwa malaika wa soka hupangwi. Ndiyo yaliyomkuta Keita.

Halafu akaja dada mmoja wa Kipoland, mcheza mpira wa kikapu, Lilia Malaja. Alizuiwa kuichezea Strasbourg kwa sababu nafasi za wageni zilikuwa zimejaa. Akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa kwamba Poland ina mkataba wa ushirikiano na Ulaya unaokataza mfanyakazi halali kubaguliwa. Desemba 2002 chombo cha juu cha sheria za serikali ya Ufaransa kikampa haki.

Sasa sikia hapa. Nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki nazo zilikuwa zimetia saini mkataba wa namna hiyo na Ulaya mjini Cotonou, Benin, mwaka 2000. Tanzania imo. Kenya imo. Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo zimo. Hivyo baada ya hukumu ile, vyama vya michezo vya Ufaransa viliacha kuwahesabu wachezaji wa nchi hizi kwenye idadi ya wageni. Mbrazili na Mwargentina wakaendelea kugombea nafasi chache. Mswahili wa Buguruni au wa Mathare akawa, kwa upande huo, amewekwa fungu moja na Mjerumani.

Na Waafrika walikuwa wameshamiminika hata kabla ya hukumu hiyo. Wakati Senegal inaifunga Ufaransa 1-0 kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia la 2002, wachezaji 21 kati ya 23 wa kikosi chake walikuwa wanacheza huko huko Ufaransa. Ilikuwa kama mpangaji amempiga bao mwenye nyumba sebuleni kwake.

NDIZI, BARIDI NA JANUARI

Nisije nikaonekana nimetumwa na ubalozi, ngoja niseme na upande wa pili wa shilingi.

Kule kuna baridi inayokausha midomo, na lugha ambayo ukiikosea hata mkate hununui vizuri. Lakini kubwa ni rangi. Joseph-Antoine Bell, kipa mahiri wa Kamerun, alikuwa kipenzi cha Marseille. Akahama. Siku aliyorudi pale akiwa na Bordeaux, mashabiki wale wale walimrushia ndizi uwanjani. Jana shujaa, leo nyani. Bell hakunyamaza, alisema wazi wazi mbele ya waandishi, na hilo linahitaji kifua.

Kisha kuna vita vya Kombe la Afrika. Kila michuano inapofanyika Januari, makocha wa Ufaransa hupoteza wachezaji katikati ya msimu. Mchezaji anasuguliwa pande zote mbili: akienda anaambiwa ameitelekeza klabu, asipoenda nyumbani wanamwita msaliti. Ukiota Ufaransa, ota na hayo.

LIFTI YA MATAPELI

Na sasa jambo lililonifanya nikamate kalamu. Mtaani kwetu alikuwapo kijana mmoja, winga, mguu wa kushoto, kasi kama amefukuzwa na nyuki. Jina nalihifadhi. Akaja bwana mmoja, suti na simu mbili, akajiita wakala. Akasema ana klabu Ufaransa inamsubiri huyu mtoto, bado tiketi na viza tu. Mama wa kijana, anayeuza vitenge, akauza vitenge vyote na cherehani juu. Kijana akakwea pipa kweli. Alipofika hakuna klabu wala nani. Bwana suti simu zote mbili zimezimwa. Viza ya miezi mitatu ikaisha akiwa analala kwa watu.

Alirudi, Mungu mkubwa. Sasa ukimkuta mpirani hataki hata kusikia neno Paris. Cherehani ya mama haikurudi.

Si yeye peke yake. Mambo haya yalizidi hadi Jean-Claude Mbvoumin, mchezaji wa zamani wa Kamerun, akaanzisha mwaka 2000 chama cha Foot Solidaire mjini Paris kuwasaidia vijana wa Kiafrika waliotelekezwa namna hiyo.

Kwa hiyo weka kichwani mambo matatu. La kwanza, FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi wake kuhama kwa shughuli zao zisizohusu soka. Anayekwambia mwanao wa miaka 15 amepata mkataba Lyon, huyo mwonyeshe mlango.

La pili, tangu mwaka 2023 wakala anapaswa kuwa na leseni ya FIFA, na wengi wao huipata kwa kufanya mtihani. Majina yao yapo kwenye orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama. Suti si leseni.

La tatu, klabu inayomtaka mtu kweli hutuma barua kwa klabu yake ya nyumbani na kuzungumza nayo. Ukiona mazungumzo yote yanafanyika kwenye baa, jua kinachouzwa pale ni cherehani ya mama yako.

WALIOFUATA NJIA

Wapo waliopanda ngazi kama Nonda. Dennis Oliech wa Kenya alitoka Mathare United akaenda Qatar kwanza, ndipo akatua Nantes. Mwaka 2007 akahamia Auxerre na kukaa hapo hadi 2013, kisha akaenda Ajaccio. Alikuwapo Auxerre msimu wa 2009/2010 ilipomaliza ya tatu Ufaransa nzima.

Na Mbwana Samatta wetu naye. Mbagala, Simba, halafu TP Mazembe ya Lubumbashi, ambako alichukua ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Mwaka 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, kisha akazunguka Uingereza, Uturuki na Ugiriki. Mwaka 2025, akiwa mtu mzima wa miaka 32, akamwaga wino Le Havre, klabu ya ligi kuu ya Ufaransa. Angalia kitu hicho: ngazi zote hizo ndipo akafika. Drogba mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 21 aliposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, tena na Le Mans ya daraja la pili.

Najua utaniambia ngoja ngoja yaumiza matumbo. Kweli yanauma. Lakini huyu winga wa mtaani kwetu hakungoja, na tumbo linalouma sasa ni la mama yake.

Kwa hiyo kijana mwenye njumu zako, kama timu ya Afrika Kusini, Zambia au Lubumbashi inakuita na mkataba uko wazi, usibetue midomo ukisema unasubiri Paris. Nenda kafunge. Watu wa Ulaya wana macho, nao hawaogopi vumbi. Walimwona Nonda akitokea timu ambayo hata jina lake unalisahau kabla hujamaliza ukurasa huu.

Na wewe mzazi, akija mtu na suti na simu mbili, mpe maji ya kunywa, maana mgeni ni baraka. Kisha mwombe namba ya leseni.

Tuonane wiki ijayo.